Dole Lililosema "Bado"

Kwa miaka ishirini na mitatu, hakuna ngozi iliyotoka kwenye pipa la dawa kiwandani pale kabla mtu mmoja hajaibonyeza. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio tu. Kazini aliitwa Dole, na hata mkewe, akikasirika, alimwita hivyohivyo.

Mapipa yenyewe ni ya mbao, makubwa kama chumba cha kulala. Yamelazwa ubavu na huzunguka mchana kutwa. Ngozi ya mbuzi huingia humo ikiwa imeshatolewa manyoya kwa chokaa, imevimba na kukakamaa kama mpira. Unga wa vimeng'enya hutiwa, maji yakiwa na joto la mwili wa mtu, si zaidi. Mkemia wa kiwanda, dada aliyekuja na shahada yake na saa ya ukutani, aliwahi kuwaeleza sababu. Kimeng'enya, alisema, ni kama mkasi. Unga ule umetoka kwenye kongosho za wanyama, ambako kazi yake ilikuwa kukatakata protini za chakula mpaka ziwe vipande vidogo vya kupita kuingia kwenye damu. Pipani unaendelea na kazi ileile, ila hakuna tena mnyama wa kushiba. Mkasi ukikata hapa unasogea pale. Haupungui wala hauchoki. Baridi huuduwaza, moto huuharibu, asidi huukomesha.

"Kwa hiyo hata tumboni mwangu umo?" aliuliza mpimaji wa unga.

"Umo."

"Basi ndiyo maana sinenepi. Kikulacho ki tumboni mwako!"

Wote walicheka, Dole zaidi ya wote. Mpimaji huyo alikuwa kaka wa mkewe. Dole mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi, na pale kiwandani kila mtu alimwita Shemeji kana kwamba ni shemeji wa kiwanda kizima.

Kazi ya Dole ilikuwa kusema lini mkasi usimame. Ngozi ikitolewa mapema hukauka kama ubao. Ikichelewa, vimeng'enya hula nyuzi zinazoishikilia. Alikuwa akifungua mlango wa pipa, anavuta ngozi moja, anaibonyeza kwa dole gumba na kutazama. Alama ikifutika, bado. Ikibaki, imetosha, na asidi inatiwa.

Ganzi ilimwingia mwaka uliopita, kwenye ncha ya dole kwanza. Labda chokaa, labda umri, labda sukari. Hakutaka kujua ni ipi. Mkewe aligundua asubuhi moja aliposikia harufu ya nyama kuungua, akamkuta mumewe ameshika mfuniko wa sufuria iliyokuwa motoni.

"We baba, unaungua!"

Dole alilitazama dole lake kama mali ya jirani. "Usimwambie mtu," alisema.

Jumanne ile alifungua pipa la nne, akabonyeza. Alama ikafutika. "Bado." Baada ya dakika ishirini akarudi. "Bado." Mara ya tatu, vilevile. Asichokijua ni kwamba aliyekufa ganzi hajui anabonyeza kwa nguvu kiasi gani. Alikuwa anagusa tu. Macho yake yaliona sawa. Kidole ndicho kilichodanganya.

Walipoitundika ngozi ya kwanza kwenye kulabu, ilikatika kwa uzito wake yenyewe, kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Zilikuwa ngozi mia nne.

"Nani alipima unga?" aliuliza msimamizi.

"Mimi," alisema Shemeji. "Nimepima sawasawa."

"Dole, pipa ni lako. Unga ulizidi?"

Watu kumi na mmoja walisubiri. Dole alitazama maji yanayotiririka sakafuni.

"Huenda ulizidi."

Shemeji alirudishwa nyumbani mchana uleule. Barua ya kumfukuza ingeandikwa Ijumaa. Alivua aproni, akaikunja vizuri. "Haya, shem," alisema, akaondoka.

Jioni mke wa Dole alikuwa ameshasikia. Alimwekea chakula mezani, lakini hakuketi.

"Kaka yangu anapima unga mara mbili, kama anayempimia mtoto mchanga dawa. Ulizidi?"

"Nilisema huenda."

"Hiyo huenda yako inamla yeye na wanawe. Ukaseme kesho. Usiposema, nitakuja kusema mimi, pale getini, watu wote wakisikia."

"Wakijua nina ganzi, nani atanichukua? Mimi sina kazi nyingine ninayoijua."

"Najua," alisema mkewe. Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma.

Jumatano asubuhi Dole alisimama ofisini na kueleza. Msimamizi hakuamini.

"Unamkingia shemeji yako kifua. Dole hilo limeanza kazi kabla yangu mimi."

Dole alimgeukia mkemia, akamwomba ile sindano nene ya kushonea lebo za namba kwenye ngozi. Aliuweka mkono mezani, akageuza uso ukutani.

"Nichome."

Feni ilizunguka. Ukutani palikuwa na kalenda, na Dole aliisoma mpaka mwisho wa mwezi.

"Dada, choma basi, tusipotezeane muda."

"Nimeshachoma," mkemia alisema taratibu.

Dole aligeuka. Sindano ilikuwa imesimama wima kwenye dole lake.

Barua iliandikwa Ijumaa ileile iliyopangwa, ikabadilishwa jina tu. Jumatatu Shemeji alirudi, akapewa kazi ya kubonyeza, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyekaa karibu na mapipa muda mrefu hivyo.

Dole alikuja siku hiyo kurudisha buti na aproni. Alisimama mlangoni. Mbele ya pipa la nne Shemeji alivuta ngozi, akabonyeza, akaitazama alama kwa muda mrefu. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Kutoka pale alipokuwa, hatua kumi hivi, Dole aliiona alama: imekaa, haifutiki. Alisubiri aulizwe.

"Imetosha," Shemeji alimwambia mtu wa asidi.

Dole aliweka buti chini. Alikuwa ameandaa neno la kusema, lakini mlango wa pipa ulifungwa, mbao zikaanza kunguruma, na Shemeji hakugeuka.