Dada Imelda Alinyamaza Akifikiri

Dada yangu Imelda akikasirika hapigi kelele, anapukuchua mahindi. Jioni ile alipukuchua debe zima, punje zikiruka mpaka chini ya kabati.

Alikuwa amekosa kazi. Kampuni moja hapa Tunduma, inayotengeneza programu za kufuatilia malori yanayovuka kwenda Zambia, ilimwita kwenye usaili. Programu anaandika tangu chuo, kwenye laptopu yenye bawaba ya kubandika kwa gundi. Tulijiandaa wiki nzima, mimi nikiwa bosi, nimevaa tai ya shule. Nilimuuliza maswali yote tuliyoyatoa intaneti, akajibu mpaka nikachoka mimi.

Baba naye alikuwa na lake. "Ukifika kwa wakubwa, macho chini. Usiropoke. Fikiri, ukimaliza ndiyo useme."

Ndivyo tulivyolelewa, tangu kule Mbozi kwenye kahawa za babu. Mtoto anayeongea huku anafikiri anaambiwa hana adabu.

Basi wakampa maka peni, asimame ubaoni. Swali lenyewe: kuna orodha ya malori, kila moja na uzito wake. Andika programu itakayotafuta mawili ambayo uzito wake ukijumlishwa unafika tani sitini. Dada akainamisha kichwa, kimya.

"Unafikiria nini?" mmoja akauliza.

"Swali lenu, mzee."

Wakacheka. Akanyamaza tena.

"Vipi binti, umekwama?"

"Hapana. Sijamaliza."

Alipomaliza aliandika mfululizo, hakufuta hata mstari. Wakaijaribu kwenye kompyuta yao, ikakubali.

Mchana wa siku ile ya mahindi ndipo walipopiga simu. Programu ilikuwa sahihi, ila kazi amepewa mwingine, kwa sababu hawakusikia anavyofikiri.

"Kusikia!" nikafoka. "Kwani wewe redio?"

"Walitaka niongee huku natafuta jibu," dada akasema. "Hata nikikosea, niseme. Eti wanapima hilo kuliko jibu lenyewe."

"Si wangekwambia!"

"Wanadhani kila mtu anajua."

Nani kamwambia? Chuoni hawakumwambia. Na wale waliokaa mezani walimwona mtu ananyamaza kwa heshima yao, wakaandika kwamba hajui kujieleza. Mpaka leo nikipita mbele ya geti lao natema mate.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. "Lakini ulikaa kwa adabu?"

Dada akatupa gunzi kwenye ndoo. "Nilikaa, baba. Na hiyo adabu ndiyo imeninyima kazi."

Sikuwahi kumsikia akimjibu baba hivyo. Nikaangalia miguu yangu.

Wiki iliyofuata alikuwa na usaili mwingine, Mbeya mjini. Akaokota mkaa, akaandika uzito wa malori kwenye ukuta wa jikoni, baba yupo palepale.

"Nachukua la kwanza," akaanza, kwa sauti. "Nalijumlisha na kila lililobaki. Hapana, nimekosea, hiyo itachelewa. Niyapange kwanza, dogo hadi kubwa..."

"Imelda," baba akasema.

"...halafu nianzie pande zote mbili..."

"We Imelda!"

Dada akapandisha sauti.