Walisema Jua Halikutosha

Sogeza kigoda chako, wewe unayenisikiliza, na usiogope kuniuliza. Jambo lenyewe si gumu. Limekuwa gumu kwa sababu watu walishika nusu yake wakaiacha nusu nyingine, na mimi nimekaa na uchungu wa nusu hiyo mpaka leo.

Miaka ya sabini ilikuwa inaishia. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha ndani, upande wa Makere, mbali na barabara kuu inayotoka Kasulu kwenda Kibondo. Zahanati yetu ilikuwa na mganga mmoja, na wafadhili walituletea redio ya upepo, ile ya kuzungumza na hospitali ya Kasulu. Umeme haukuwepo. Redio ilitumia betri kubwa kama ya lori, na betri ilijazwa na kioo kipana cheusi kilichofungwa juu ya nguzo fupi uani. Neno sola hatukuwa nalo bado. Tulikiita kioo cha jua.

Fundi aliyekifunga alikuwa mgeni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Kabla hajaondoka alimwambia mwenyekiti wa kijiji mbele yetu sote: "Kioo hiki kinapenda mwanga. Joto hakipendi."

Yote mawili ni kweli. Kioo kikipata moto sana hupunguza kazi kidogo, kama wewe unapolima jua la mchana: unapunguza kasi, lakini jembe huliachi. Mwanga ndio chakula chake. Ukikinyima mwanga, umekinyima kila kitu.

Mwenyekiti alishika lile la pili. Alikuwa mkulima hodari wa kahawa, miche yake ilisifiwa hadi Kasulu mjini. Siku ya kwanza jua lilipopanda aliweka kiganja juu ya kioo, akakitoa upesi. "Mnakiunguza!" akafoka. Jioni hiyo hiyo alisimamisha kichanja cha fito juu yake na kukiezeka majani, vilevile tunavyofunika kitalu cha kahawa. Asubuhi majani yaliondolewa, jua likipanda yakarudishwa, jioni yakaondolewa tena. Mahali pengine wangekiacha kioo kisimame peke yake. Sisi tulijua kulea miche.

Wakati huo dada yangu mkubwa alikuwa mjamzito. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa wa taabu, na hospitali walimwambia safari hii uchungu ukianza tu, aitiwe gari. Kwa hiyo redio ile kwangu haikuwa pambo la kijiji. Kila nikitoka shuleni nilipitia zahanati kumuuliza mganga inaendeleaje.

"Kasulu wanalalamika, mwalimu," aliniambia siku moja. "Wanasema sauti yangu inafifia."

Nilitafuta balbu ndogo ya taa ya nyuma ya gari, nikaomba ruhusa, nikaiunga kwenye nyaya za kioo mbele ya mwenyekiti, majani yakiwa juu. Ikawaka nyekundu, kama kaa linalotaka kufa. Nikavuta majani kando. Ikang'aa hata tukageuza nyuso.

"Umeona, Ndugu Mwenyekiti?"

"Nimeona. Hata kivulini inawaka."

"Inawaka kidogo mno."

"Kidogo nako ni kuwaka, mwalimu. Au siku hizi huko chuoni mnafundishwa vingine?" Watu wakacheka, naye akaongeza, "Na kioo kikipasuka kwa moto, utakilipa kwa chaki?"

Wakacheka zaidi. Nilijaribu kuwaeleza, na wewe nakueleza vilevile nilivyowaeleza wao. Ukipita penye chemchemi wakati wa kiangazi ukakuta jiwe limelowa, utasema maji yapo. Kweli yapo. Lakini tega mtungi wako hapo, utaondoka nao mtupu. Balbu kuwaka kivulini ni lile jiwe kulowa. Betri haijazwi kwa sababu umeme upo, hujazwa na wingi wake, na wingi huo huja saa chache za katikati ya mchana, jua likiwa utosini. Asubuhi na jioni mwanga huja kwa ubavu, kioo kinapata matone tu. Sisi tulikiacha wazi saa za matone, tukakifunika saa za mafuriko. Tena betri inayolala bila kushiba siku baada ya siku huharibika ndani kwa ndani; hata ukija kuilisha baadaye, haishiki tena.

Mganga alinielewa. Alinifuata hadi njiani.

"Mwalimu, usinipeleke kwenye ugomvi. Nyumba ninayolala ni ya kijiji, shamba ninalolima ni la kijiji. Yule bwana akinichukia, nitahamia wapi?"

Nikageuka nikarudi nyumbani. Majani yakabaki.

Uchungu wa dada ulianza alfajiri. Kulipopambazuka mganga alimpima, akatoka nje uso umembadilika: mtoto alikuwa amelala kukingama. Tukasubiri saa ya redio, ile ya asubuhi ambayo Kasulu waliziita zahanati zote.

Redio iliwaka, na kwa dakika ile nilimshukuru Mungu. Sikiliza hapa vizuri. Redio ya namna ile ikiwa inasikiliza hula umeme kidogo sana. Ikisema, hula mwingi.

"Kasulu hapa," sauti ikaja, safi kabisa. "Zahanati zote, kuna mgonjwa wa kufuatwa? Gari lipo, linaondoka sasa hivi kwenda Kibondo."

Mganga alibonyeza kitufe ili ajibu. Taa ya redio ikazimika. Akaachia, ikarudi.

"Narudia. Kuna mgonjwa wa kufuatwa?"

"Yupo! Yupo hapa kwetu!" mganga alipiga kelele, kidole kimekandamiza kitufe hadi ukucha umekuwa mweupe, na ile taa imezimika. Akaachia.

"Haya, vizuri," sauti ikasema. "Kama wote wazima, siku njema."

Dada alisikia kila neno. Alikuwa amelala chumba cha pili, na mlango ulikuwa wazi.

Shemeji alirukia baiskeli kulikimbilia gari barabarani. Alipofika kilima cha mwisho aliliona likipita kwa chini, vumbi nyuma yake. Sisi tulimfuata na machela, tukipokezana mabega. Hapakuwa na wingu hata moja. Jua lilitupiga kichwani, dada akawa anaomba afunikwe uso, na kanga tuliyomfunika ilikuwa ya moto kuishika. Barabarani tulipata lori la mfanyabiashara wa Kasulu, mzee wa kanzu, akashusha magunia yake pale pale ili tumlaze. Hospitali walimwokoa dada. Mtoto hawakumwahi, na dada hakuzaa tena.

Dada aliporudi nyumbani, mwenyekiti alikuja kutoa pole, na wazee wawili. Wakakaa, wakapewa chai.

"Pole sana, mama," alisema. "Tumelitazama jambo hili. Tatizo ni kwamba siku zile jua halikutosha."

Dada alikuwa ameegemea ukuta. Hakuinua sauti.

"Halikutosha? Mbona mimi liliniunguza njia nzima?"

Mzee mmoja alikohoa. Wakamaliza chai yao, wakaaga.

Siku hiyo hiyo nilikwenda zahanati nikaling'oa lile ezeko kwa mikono yangu. Kabla muhula haujaisha nikahamishiwa Kitahana, huko Kibondo, kwa kosa la kuharibu mali ya kijiji. Baadaye nilisikia wameletewa betri mpya, na kichanja kimejengwa upya, kwa fito nene zaidi.

Sasa vioo hivi viko kila paa, nami napita nikiona kimoja kimeanikiwa kanga, kingine kimefichwa chini ya tawi la mparachichi ili wezi wasikione. Nikisema, naambiwa, "Mzee, si taa inawaka?" Sikasiriki nao. Hawakuambiwa.

Wewe nimekwisha kukuambia. Kesho jua likiwa utosini, toka nje ukitazame kioo chako, na ukikuta kivuli juu yake, hata cha jani moja, kiondoe.