Mbuzi wa Kinywa: Nilivyovuka Ziwa Kivu Kwenda Kuposa

Niliondoka Goma kwa sababu ya Furaha, ambaye si mke wangu. Wazazi wake walipokuwa wananingoja Bukavu, nilifika bandarini, nikaona mawimbi, nikarudi zangu mtaani kwetu Katoyi kula maharagi. Akaolewa na mwingine, aliyepanda bato ileile, meli niliyoikataa. Sasa nilikuwa na Nsimire. Wazazi wake nao wako Bukavu, na ziwa lilikuwa halijapungua hata glasi moja.

Asubuhi, bandarini. Nilikuwa na baba yangu mdogo, Papa Kasereka, msemaji wetu. Anayeposa hafungui kinywa mbele ya wakwe. Msemaji ndiye hupigana ile vita. Na Papa Kasereka akisema, hata lava ya volkano yetu Nyiragongo husimama kusikiliza.

"Mutoto, unatetemeka?"

"Hapana, Papa. Ni bato inatetemeka."

"Bado imefungwa kamba!"

Katikati ya ziwa. Shule ya jioni ilinipa diplome, lakini ilinifundisha pia kina cha ziwa hili. Elimu nyingine ni adhabu. Mawimbi yalipita volkano kwa urefu. Nikageuka kutafuta neno la faraja. Papa Kasereka alikuwa ameinamia ndoo, anarudisha chai ya asubuhi, na ya juzi.

Mchana, nyumbani kwa kina Nsimire. Zikaletwa sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa lilelile. Papa Kasereka alinusa tu, akakimbilia nje. Baba mtu akanitazama.

"Musemaji wenu amekwisha. Murudie siku ingine."

Siku nyingine! Ndiyo maneno niliyomtumia Furaha. Nikasimama.

"Muzee, najua mukwe hasemi. Lakini niliogopa mara moja, nikapoteza. Leo maji nimeyavuka. Naomba Nsimire."

Mashangazi wakaziba midomo. Muzee akatafuna sambaza moja polepole, nikaota mvi.

"Umevunja desturi. Utaleta mbuzi mumoja wa faini juu ya ile kinywa yako."

"Mumoja tu, Muzee?"

"Ule ni wa kinywa. Wa mahari tutaongea na mukubwa wako, akipona."

Kigelegele cha Nsimire, nyuma ya pazia, kilisikika mpaka Goma.

Kesho yake, kurudi. Woga ulipanda bato pamoja nami, lakini nilikaa mbele kabisa, nimemshika Papa Kasereka mkono. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi wangu nimemlea miaka, na anakula kuliko mbuzi kumi. Kwa hiyo, ndugu wa Katoyi, mwenye mbuzi wa kuuza aniambie. Nataka yule anayepiga kelele.