Gitaa Lililotimua Uwanja Mzima

Watu wa kwetu Mugoma wanaonifahamu wakiniona nimeshika gitaa huniuliza kwa upole, "Anje, leo tuvae viatu vya kukimbilia?" nami hucheka nao, maana nifanyeje, lakini aibu ya siku ile bado hunipandisha joto masikioni, na chini ya aibu hiyo kuna hofu ambayo sijawahi kuicheka hata mara moja.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi waliovuka mpaka kukimbia vita, wakati vilima vyetu vya Ngara vilipokuwa vimefunikwa na blindi, vile vibanda vya miti na turubai, kilima hadi kilima, na sisi wenyeji tukawa tunaishi masikio juu kama wao, kwa sababu siku nyingine uko shambani unapalilia maharage, unasikia ngurumo kutoka upande wa Murusagamba, kule mpakani, unainua macho uone kama ni mvua, unakuta mbingu nyeupe, basi unajua si mvua, ni mizinga. Unaendelea kupalilia, lakini macho yako njiani.

Kwaya yetu ya parokia ilialikwa kuimba kambini, kwenye ibada ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji, na mimi ndiye niliyekuwa mpiga gitaa (mwanamke pekee, na wapo waliokuja kuniona tu kama unavyokwenda kumwona ndama mwenye vichwa viwili). Gitaa langu la zamani lilikuwa la nyuzi za chuma, linanikata vidole, na nyimbo zetu tunazidonoa kwa vidole, hatuzichapi. Mwalimu Kornel, mwenyekiti wa kwaya, akasema uwanja ni mkubwa, tutafute gitaa linaloweza kuchomekwa kwenye spika, basi tukapanda lori hadi Ngara mjini, dukani kwa Bwana Nassoro.

Bwana Nassoro ukoo wake ulitoka Pangani enzi za babu yake, wakauza vitenge na taa hadi wakawa wenyeji, na miaka ile duka lake lilijaa vitu vya ajabu walivyouza wageni wa mashirika ya misaada walipokuwa wakirudi kwao. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza: nataka nyuzi laini za nailoni, lakini shingo iwe nyembamba kama ya gitaa la chuma kwa kuwa mikono yangu midogo, na liwe linapokea waya wa spika. Akacheka, akasema ninataka gitaa lenye wazazi wawili. Halafu akaingia stoo akatoka na magitaa mawili.

La kwanza lilikuwa jembamba, tumbo bapa, shingo imekaa kiganjani kana kwamba tulizaliwa pamoja, tundu lake dogo tena liko begani, rangi ya mkate ulioungua. Nikalidonoa. Sauti ikatoka kidogo, kama mtu anayeongea ndani ya sanduku. La pili, jamani, lilikuwa na tumbo kubwa, linang'aa kama asali, tundu pana limezungushiwa nakshi, na nilipoligusa duka lote lilijaa, hata mama aliyekuwa ananunua sabuni akageuka. Shingo yake ilikuwa pana mno, kidole gumba changu hakikujua kiende wapi, lakini nani anatazama kidole gumba?

Bwana Nassoro alikuwa ananitazama usoni. Akasema, "Mwanangu, gitaa la jukwaani halichaguliwi kwa masikio ya dukani. Subiri niagize petroli, tuwashe jenereta, uyasikie yote mawili kwenye spika."

Nje lori la kurudi Mugoma lilikuwa linapiga honi. Na mimi kichwani nilishajiona nimesimama mbele ya umati na lile gitaa la asali kifuani. Nikamwambia, "Hili linatosha, mzee." Ni maneno matatu tu hayo, na yote yaliyofuata yalitoka humo.

Siku ya ibada ikafika. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona, wamekaa hadi kwenye miguu ya jukwaa letu la magogo ya mikaratusi, ndiyo maana spika hazikupata nafasi mbele, zikawekwa juu ya meza nyuma yetu, zinautazama mgongo wangu. (Mtu yeyote mwenye kujua vyombo akisikia hapo hushika kichwa, maana sauti ya spika huingia tena ndani ya gitaa na kuzidi kukua. Mimi sikujua.) Tukaanza wimbo wa kwanza, gitaa likawa halisikiki, fundi wa vyombo akaongeza sauti, bado, akaongeza tena.

Ndipo tumbo la gitaa likaanza kutetemeka juu ya tumbo langu. Kwanza nilidhani ni hofu yangu. Halafu ukatoka mlio wa chini, mzito, unaopanda wenyewe bila mimi kugusa chochote, ukapanda hadi magogo yakatikisika chini ya miguu yangu, na mimi badala ya kulaza kiganja juu ya nyuzi zinyamaze (hilo nilifundishwa baadaye sana) nikaachia mikono yote miwili, gitaa likabaki linaning'inia shingoni, likinguruma peke yake kama kitu kilichoingiwa na pepo.

Uwanja mzima ulisimama. Hakuna aliyepiga kelele. Walisimama wote kwa pamoja, kimya, akina mama mikono imeshawafikia watoto tayari, na kile kimya chao ndicho kilichoniogopesha kuliko mlio, kwa sababu niliona watu wanaojua la kufanya. Kisha sauti moja ikasema, "Bateye." Wameshambulia.

Wakakimbia. Na mimi nikakimbia.

Hapo ndipo aibu yenyewe ilipo, ndugu zangu, kwamba mlio ulitoka kifuani kwangu na mimi nikaukimbia. Nilipokiona kile kimya sikukumbuka gitaa tena, niliamini vita imevuka mpaka. Nikaruka kutoka jukwaani, waya ukavuta, spika ikaanguka kutoka mezani kwa kishindo, na kile kishindo kikawamaliza hata wale wachache waliokuwa bado wanasitasita. Nilikimbia na gitaa likinipiga magotini hadi kwenye shamba la mihogo, nikatumbukia mferejini juu ya mwanamke aliyekuwa amelala kifudifudi.

Alinishika mkono kwa nguvu, akaniuliza kwa Kirundi (Kihangaza chetu ni ndugu yake, tunaelewana) kama nimemwona mtoto wa kike mwenye gauni la kijani. Anaitwa Kaneza. Alikuwa amemshika mkono, watu wakapita katikati yao, mkono ukatoka. Alinieleza bila kulia, kwa kunong'ona, akiwa anatazama pale juu ya mfereji, na mimi nilikuwa nasubiri risasi. Hakuna risasi iliyokuja. Nikageuza kichwa, nikaona waya mweusi umenifuata kutoka kwenye mihogo, unapanda mguuni, unaingia kwenye gitaa.

Nimewahi kuogopa mambo mengi, lakini sijaogopa kama nilivyoogopa nilipouona ule waya. Vita ungeikimbia. Kosa lako mwenyewe ungelikimbiaje?

Nikamwambia, "Mama, hakuna vita. Ni mimi. Ni hili gitaa."

Alinigeukia. Nilidhani atanipiga, na laiti angenipiga. Akasema, "Basi rudi ukawaambie. Nani mwingine anajua?"

Nilirudi uwanjani nikiwa nimesimama wima, wakati kila kichaka kina macho. Chini kulikuwa na viatu, vikombe, mbeleko ya mtoto. Sikutaka kutazama chini na niliogopa kutotazama. Mwalimu Kornel alikuwa bado jukwaani ameshika kipaza sauti. Jenereta linaendelea kupiga kana kwamba hakuna kilichotokea, na spika iliyobaki mezani bado inafanya kazi. Nikakichukua kipaza sauti. Nikasema kwa Kihangaza kwamba hakuna vita, mlio ule ni wa gitaa langu, mimi Anjelina wa Mugoma ndiye niliyelishika, rudini. Nikarudia, nikarudia. Halafu nikaanza kuita jina la Kaneza.

Vichwa vikatokea kimoja kimoja. Hakuna aliyecheka. Watu walikuja wamebeba watoto wasio wao, wakawaweka kando ya jukwaa, mama akifika anamchukua wake, na yule mama wa mferejini, Speransia, akawa anapita usoni mwa kila mtoto, gauni la kijani hakuna. Nilianza kusali na nikashindwa kumaliza. Watoto wakapungua, wakaisha, na yeye akabaki amesimama.

Ndipo kutoka upande wa pili akaja mzee anachechemea, kifundo cha mguu kimevimba, na ndani ya koti lake umetokeza uso mdogo wenye mdomo uliopasuka. Alisema alianguka, akamwona mtoto ameanguka pia, akamfunika kwa mwili wake, akaona afadhali watu wapite juu ya mgongo wake yeye.

Speransia alimpapasa Kaneza mikono, miguu, mbavu, kichwa. Kisha akamleta mbele yangu. Akasema, "Sasa piga. Asirudi nyumbani na ule mlio masikioni."

Nikachomoa waya. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikapiga kavu, gumba langu halifiki, noti nyingine zinakufa njiani, na Kaneza akaweka kiganja chake juu ya lile tumbo la gitaa, akakiondoa haraka, akakirudisha, akakiacha hapo.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa Bwana Nassoro, akaniletea lile jembamba la rangi ya mkate ulioungua na kuwasha jenereta. Tumbo lake bapa halirudishi mlio, linaimba kwenye spika kama maji. Lakini tangu siku ile, popote ninapopiga, hata harusini Mwanza ambako watu hawana habari na hofu yetu, sichomeki waya kabla sijasimama na kuwaambia: ndugu zangu, mlio mtakaousikia sasa ni gitaa tu. Wananicheka. Mimi huangaza macho kwenye nyuso zote hadi mwisho wa ukumbi, nihakikishe kila mtu amesikia, ndipo nachomeka.