Sili za Mpira wa Tyubu

Mwaka wa 1987 Adrisi, fundi wa mashine, alikuwa Mbale, akiishi na vibarua wenzake mtaa wa Namatala. Mkewe Ramula, mgonjwa wa kifua, alikuwa Mafubira, Jinja, kwenye pembe ya sebule ya dada yake Hadijah. Walikuwa na nyumba yao kabla ya vita. Serikali ilipopinduliwa na Wanubi kama wao kufukuzwa mwaka wa 1979, walikimbilia Sudan. Waliporudi, nyumba ilikuwa na watu wengine.

Afande Geresom wa magereza alikuwa na trekta dogo la bustani, na chumba kitupu nyuma ya stoo.

"Trekta yangu inalala kushinda askari wa lindo," alisema. "Nikizima injini, kisu ya majani inashuka polepole mpaka chini. Ukiponyesha, kazi yako, chumba yako. Leta bibi."

Adrisi hakuonyesha furaha; anayeionyesha hupunjwa.

"Kiwe na kufuli, afande."

"Hata dirisha, bwana!"

Adrisi akanyanyua kisu, akazima injini, akapiga alama ya chaki kwenye fimbo ya silinda inayokinyanyua. Baada ya saa moja fimbo ilikuwa imezama vidole viwili. Akaziba bomba la kurudia mafuta, lakini fimbo bado ikazama. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya silinda: mafuta yalipenya kando ya sili, mipira ya kuyazuia, zilizochakaa.

Sili mpya Mbale hazikuwepo. Akakata za mpira wa tyubu ya gurudumu, kama alivyofanya miaka saba kambini Sudan, ambako Ramula alitwanga mbegu za nyonyo na kuzichemsha ili mashine zipate mafuta. Geresom akaleta kopo jipya la mafuta ya haidroliki, halisi, kutoka Kenya. Adrisi akayamimina kwa heshima. Jumatatu alama ya chaki haikusogea. Jumanne akampa dereva wa teksi ya Jinja salamu za kumpelekea Ramula: funga mizigo.

Ijumaa kisu kilikutwa kimelala kwenye nyasi. Adrisi akafungua silinda. Sili zilikuwa zimefura, laini kama mkate uliochovywa chai. Hapo ndipo akaelewa. Tyubu huvumilia nyonyo. Mafuta ya kiwandani huila. Miaka yote ile hakuwahi kushika mafuta mazuri.

"Nipe wiki, afande. Nifuate sili Jinja."

"Wiki? Kesho anakuja fundi wa Tororo. Yeye sili zake ziko ndani ya boksi."

Habari ya namna hiyo hapewi dereva. Adrisi akaenda mwenyewe. Alimkuta Ramula barazani, amekalia mzigo. Ile pembe ya sebule ilikuwa tayari na godoro la mpangaji; Hadijah naye ana watoto wa kulisha.

"Umechelewa, mume wangu," Ramula alimtania, akikohoa. "Nikadhani umeoa huko."

"Chumba hakipo tena. Kosa ni langu."

 Ramula akainuka, akafungua mzigo, akatoa mkeka.

"Tandika upande wa ukutani," akasema. "Huku mvua huingia."