Kabla Hujamwambia Mama Amwage Mahindi

Nakumbuka, mwanangu, mwaka ambao mvua ilitukuta na mahindi yameanikwa uani. Nilikuwa nimeolewa juzi tu hapa Zombe. Kuvuna kwetu ni wakati wa jua kali, mtu anaanika bila wasiwasi. Mwaka huo mawingu yalikuja bila adabu, ikanyesha karibu wiki nzima, na mahindi yakashika ukungu wa kijani.

Bwana afya akaja, kijana mpole, ametoka chuo kama wewe. Akatuambia ukungu ule una sumu ya kuua ini, tumwage yote. Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Akamwambia, "Nimekusikia. Sasa watoto watakula nini leo jioni?"

 Kijana akasema hayo ni mambo ya chifu, akawasha pikipiki akaenda.

Basi mama akafanya alilojua. Aliyaosha mahindi, akayatwanga kuondoa maganda tukapika muthokoi, akitumaini sumu itatoka na maganda hayo. Tulikula sote. Mwende, kitindamimba wake, ndiye aliyeanza kutapika, kisha macho yakawa ya manjano. Tulimpeleka hospitali na hakurudi.

Watu walisema mama ni mkaidi, si aliambiwa? Inaniuma mpaka leo. Mimi nilikuwa naye jikoni, na nilichoona ni mama ambaye watoto wanamtazama na hana kingine cha kutia kwa sufuria.

Yule kijana alikuja matangani. Hakutaja sumu. Alizunguka kwa chifu na kanisani akiomba, mpaka kila nyumba ikaletewa mahindi makavu badala ya yale mabovu. Na mama, bila kuambiwa na mtu, akaburuta magunia yake nje mwenyewe yakachomwa.

Sasa wewe unasomea hizi mvua zilizobadilika na magonjwa zinayotuletea, na likizo hii unataka kuzunguka vijijini kufundisha. Zunguka, Ndinda, nafurahi sana. Lakini ukimwambia mama asipike alichonacho, uwe umeshajua atapika nini. Kama hujui, keti naye mkitafute pamoja, hata jua likitua.

Mungu akutangulie, mwanangu. Na kila nyumba utakayoingia, watoto wake walale wameshiba, na asubuhi waamke wote.