Alama Moja kwa Sangara Mmoja

"Sikuwa nasinzia darasani, shangazi, usiniseme hivyo. Kidato cha nne nimemaliza, na Kiingereza nimefaulu."

"Umefaulu nini, kama bosi wako hakuelewa ulichoandika?" Hata hakuniangalia. Kisu chake kilikuwa kinakata pembe ya mkia wa sangara, alama yake ya siku zote pale mwaloni, samaki wanakoshushwa.

Nilikuwa nimekaa juu ya kreti, ripoti mkononi. Miaka ile viwanda vya minofu vilikuwa vinachipuka Mwanza, na kimoja kilinitoa meza ya kuchunia samaki kwa majaribio ya ukarani. Kila lori la samaki likiingia, naliandikia ripoti kwa Kiingereza. Siku hiyo msimamizi alinirudishia ripoti yangu imejaa wino mwekundu. "Kesho asubuhi niione safi. La sivyo, unarudi mezani kuchuna ngozi."

Meza ile naijua. Nilianzia pale, maji ndani ya buti, vidole vimekufa ganzi kwa barafu.

Na kosa lilikuwa lilelile kila mahali! Niliandika "I saw him the driver." Mstari wa chini, "I told them the loaders." Wino umekata "him", umekata "them", maelezo hakuna. Nikawaka. Si tunasema nilimwona dereva? "M" ipo, dereva yupo. Sasa kosa liko wapi?

"Hebu nisomee," akasema shangazi, ambaye Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Nikamtafsiria neno kwa neno: niliona, yeye, dereva.

"Hapo ni watu wangapi?"

"Mmoja."

"Mbona unamtia alama mbili? Umesahau ugomvi wangu na mama wa kamba?"

Nani angesahau! Pale mwaloni kila mchuuzi alikuwa na alama yake moja. Shangazi alikata mkia; yule mama alifunga kamba nyekundu mdomoni mwa samaki. Siku moja shangazi, kwa hofu ya wezi, akakata mkia na kamba nyekundu akafunga. Kabla ya saa sita wanawake wawili walikuwa wanavutana na sangara mmoja, huyu kashika mkia, yule kashika kichwa. Mama wa kamba ndiye aliyeondoka naye.

"Nilitaka uhakika," shangazi akasema, "nikampa mwenzangu mboga."

Nikachukua kalamu haraka. "M" yetu imejibana ndani ya kitendo, haimsumbui mtu. "Him" ya Kiingereza inasimama nje, peke yake, ni mtu mzima. Nikishamtaja dereva, haina tena pa kukaa. Isubiri sentensi inayofuata: "I saw the driver. I told him to wait." Nikashuka mstari kwa mstari, na kila wino mwekundu sasa ulikuwa na sababu.

Nilicheka mpaka wachuuzi wakageuka. Kifua kilikuwa chepesi, kama nimetua ndoo ya maji.

"Kumbe ile ada ya shule haikuliwa na panya," shangazi akasema. "Haya, nishikie huyu."

Nikamshika sangara, na hapohapo nikaamua: kesho nitafika kiwandani kabla ya lori la kwanza. Nitampa msimamizi karatasi yake kabla hajaiulizia, kisha nitamwomba asimame pembeni yangu niandike ripoti ya lori hilo akiona.